Kutoka Kaburini hadi Ubatizoni: Siku Nane za Kumfuata William Bradford

Siku ya kwanza: Boston, Massachusetts

Bibi yangu mzaa baba, kule Pangani, alikuwa akihesabu nasaba yetu kwa vidole. Huanza na kidole gumba, fulani bin fulani, mpaka mkono wa kwanza uishe ahamie wa pili. Sharti lake lilikuwa moja: hamruki mtu. Aliyekufa mchanga alitajwa, aliyeondoka duniani hana mtoto alitajwa, na mke aliyeachwa alitajwa pamoja na kwao. Ukimkatiza, anarudi kwenye kidole gumba.

Nimeolewa Massachusetts. Mwaka jana mama mkwe alipohama nyumba yake ya zamani alinikabidhi kisanduku cha karatasi, mimi, si mwanawe. "Wewe ndiye unayewajali wazee," akaniambia. Ndani mlikuwa na chati iliyokunjwa mara nne, inapanda kutoka kwake kizazi baada ya kizazi mpaka kwa William Bradford, gavana wa Plymouth, mmoja wa abiria 102 wa merikebu ya Mayflower iliyofika mwaka 1620. Binti yangu ana miaka 14. Upande wangu anaujua kwa vidole. Upande huu alikuwa na karatasi tu. Ndiyo tukapanga safari, yeye na mimi, tuanzie kaburini kwa mzee huyu mlowezi na kurudi nyuma mpaka alikobatizwa.

Leo tumeshinda Newbury Street, kwenye maktaba ya jumuiya ya wanasaba iliyoanzishwa mwaka 1845. Vizazi vitano vya mwanzo vya watu wa Mayflower vimekwisha kuchunguzwa na kuchapishwa katika vitabu vyenye jalada la rangi ya fedha, kwa hiyo kazi inayombakia mtu ni kuunganisha kuanzia hapo kushuka mpaka kwake. Kila hatua inataka hati: ya kuzaliwa, ya ndoa, ya kifo. Chati ya mama mkwe ilikuwa na mahali pamoja palipolegea. Binamu wawili, jina moja, mji mmoja, wamepishana miaka mitatu. Aliyeichora alichukua mmoja bila kusema kwa nini. Kilichotuokoa ni wosia wa baba wa mmojawapo. Mtu anayegawa ng'ombe, kitanda na nusu ya zizi hakosei jina la mwanawe wala la mke wa mwanawe. Tulisoma mistari ile mara tatu, binti yangu ameweka kidole kwenye skrini, mpaka jina la yule mke likaonekana. Chati ilikuwa sahihi. Nilihema kama niliyetua mzigo.

Alasiri tukafungua picha za kitabu alichoandika Bradford mwenyewe kwa mkono, habari za koloni lake. Kitabu hicho nacho kina nasaba yake. Kilikuwa kimehifadhiwa katika mnara wa kanisa la Old South hapa Boston, kikapotea wakati wa vita vya uhuru, na mwaka 1855 kikatambuliwa Fulham, katika maktaba ya askofu wa London. Kilirudishwa mwaka 1897, na sasa kiko katika maktaba ya jimbo, kwenye jengo la serikali. Nilichokitafuta kiko mwishoni: orodha ya wote waliofika na Mayflower, nyumba kwa nyumba, na miaka thelathini baadaye kila nyumba imefikia wapi, nani kafa, nani kaoa, wajukuu wangapi. Sikujua kama mlowezi wa Kiingereza alikaa chini akafanya kazi ile ile ya bibi yangu. Karibu nusu ya watu wale walikufa katika miezi ya kwanza, naye amewataja.

Alipofika kwake mwenyewe aliandika kwamba mkewe alifariki mara baada ya kufika, kwamba alioa tena, ana watoto wanne na watatu kati yao wameoa au kuolewa. Basi. Jina la mke yule, Dorothy, liko kwenye orodha ya abiria, pamoja na neno kwamba walimwacha nyuma mtoto wao wa pekee. Nikaigeukia chati ya mama mkwe. Dorothy hayumo kabisa. Mstari unatoka kwa Bradford unakwenda moja kwa moja kwa mke wa pili, Alice Carpenter, kwa sababu mtoto wa Dorothy, John, alikufa bila kuacha mtoto, na wazao wote wa Bradford waliopo duniani ni wa Alice.

Usiku sikulala vizuri.

Siku ya pili: Plymouth

Saa moja kwa gari. Kaburi, au mnara wake, uko juu ya Burial Hill: jiwe jeupe lenye ncha, lililosimamishwa na wazao mwaka 1825, limekula mvua mpaka maandishi mengine unayasoma kwa kupapasa. Juu kuna mstari wa Kiebrania. Bradford uzeeni alianza kujifunza lugha hiyo, ameshapita sana umri wa kwenda shule, ili ayaone maneno ya Mungu yalivyokuwa mwanzo. Mbele ya kitabu chake cha historia mmejaa maneno ya Kiebrania aliyokuwa akiyafanyia mazoezi. Nilimwona babu yangu pale pale, miwani imefungwa uzi, anafuatisha herufi kutoka kulia kwenda kushoto. Bradford alifariki Mei 1657.

Kando yake kuna jiwe la mwanawe William, Meja William, aliyezaliwa mwaka 1624. Huyo alipata watoto 15 kwa wake watatu. Hapo ndipo ukoo ulipotanuka, na sisi tumo katika mmoja wa wale kumi na watano.

Kutoka hapo tukashuka mpaka Cole's Hill, juu ya bahari. Wageni wengi hukimbilia chini kulitazama jiwe lililochongwa 1620, linalosemwa kuwa ndipo walowezi walipokanyaga. Sisi tulikaa juu. Hapa Mahujaji, ndivyo wanavyoitwa walowezi wale wa Mayflower, waliwazika waliokufa majira ya baridi ya kwanza. Na hapa hapa imesimama sanamu ya Ousamequin, kiongozi wa Wawampanoag, wenyeji wa hapa, anayejulikana zaidi kwa cheo chake, Massasoit, aliyefanya mapatano na walowezi Machi 1621. Mji huu kabla ya kuitwa Plymouth uliitwa Patuxet. Ulikuwa na watu na mashamba ya mahindi. Maradhi yaliyoletwa na wageni kati ya 1616 na 1619 yaliwamaliza, na walowezi wakajenga juu ya mashamba ya marehemu. Tisquantum, mtu wa Patuxet, alinusurika kwa sababu mwaka 1614 alikuwa ametekwa na nahodha wa Kiingereza akapelekwa kuuzwa Málaga, Hispania. Aliporudi mwaka 1619 hakukuta mtu. Huyu ndiye aliyewafundisha kupanda mahindi. Bradford alimwandika kuwa chombo kilichotumwa na Mungu.

Mimi ni mtoto wa Pangani. Nimekulia kwenye mji ambao watu walipakizwa majahazini wakaenda kuuzwa. Siwezi kulisoma neno "Málaga" nikapita. Na baada ya vita vya 1675 na 1676 kati ya walowezi na Wawampanoag, ambavyo Meja William alipigana, Wawampanoag walipakizwa merikebuni wakauzwa visiwa vya mbali, akiwamo mtoto wa kiongozi wao Metacom, mjukuu wa yule yule Ousamequin wa mapatano. Wapo waliobaki, na wazao wao wanaishi Mashpee na Aquinnah, si mbali na hapa. Tangu 1970, kila Siku ya Shukrani, watu hukusanyika kwenye kilima hiki kuomboleza. Binti yangu aliuliza kama hayo nayo tutayaandika kwenye daftari. Nikamwambia ndiyo, ukurasa huo huo wa Meja William.

Siku ya tatu: Provincetown

Ncha ya Cape Cod, mchanga na upepo. Mayflower ilitia nanga hapa 11 Novemba 1620 kwa kalenda yao ya zamani, na ndani yake wanaume 41 wakatia saini mapatano ya kujitawala. Kuna mnara mrefu wa mawe kwa ajili ya hayo, uliokamilika mwaka 1910. Tuliupanda, tukashuka, tukaenda majini.

Dorothy alikufa katika bandari hii, 7 Disemba. Alianguka kutoka merikebuni akazama. Mumewe alikuwa ameondoka na mashua siku moja kabla, wanatafuta mahali pa kukaa, akarudi kuambiwa. Miezi yote ile baharini na hakuwa amekanyaga hata makao yake. John, mwanawe, alikuwa na umri wa miaka mitatu hivi na alikuwa Uholanzi.

Utasikia watu wakisema alijirusha kwa huzuni. Hadithi hiyo ilitungwa mwaka 1869 katika jarida, miaka karibu 250 baada ya kifo chake, na mtunzi aliitunga kama hadithi. Inakera kuiona ikirudiwa kana kwamba kuna aliyeshuhudia. Staha ya merikebu mwezi wa Disemba ni barafu na maji. Mwanamke akitereza, basi ametereza.

Maji ya bandari yalikuwa ya kijani, yametulia. Binti yangu alivua viatu akaingia mpaka magotini, akatoka mara moja kwa baridi, na huo ulikuwa mwezi wa Juni. Tulisoma dua fupi. Aliyekufa maji, kwetu, huhesabiwa pamoja na mashahidi.

Siku ya nne

Ndege, Boston hadi Amsterdam. Amelala begani kwangu njia nzima.

Siku ya tano: Leiden

Mji wa mifereji na matofali mekundu. Mahujaji waliishi hapa miaka kumi na moja, kuanzia 1609, kabla ya kuthubutu kuvuka Atlantiki. Watu husahau hilo; wanadhani walitoka Uingereza wakatua Amerika. Bradford alifika kijana wa miaka 19, hana baba wala mama, akafanya kazi ya kufuma kitambaa kizito cha pamba na kitani. Alipotimiza miaka 21 urithi wake ukawa mkononi mwake, akayauza mashamba ya kwao mwaka 1611 na kununua nyumba hapa.

Mfumaji! Bibi yangu kila kitambaa kigumu cheupe alikiita marekani: cha foronya marekani, cha sanda marekani. Neno lenyewe lilikuja na merikebu za Salem, Massachusetts, zilizoleta nguo za pamba Zanzibar katika karne ya 19. Nimelitamka neno hilo tangu utotoni bila kujua kuwa nitaolewa upande lilikotoka.

Mbele ya kanisa kubwa la Pieterskerk kuna geti dogo. Ukiingia unakuta ua wa nyumba za wazee, Jean Pesijnhof, uliojengwa mwaka 1683 mahali palipokuwa na nyumba ya John Robinson, mchungaji wa Mahujaji. Robinson alibaki Leiden na waumini walio wengi, akafa mwaka 1625, akazikwa Pieterskerk. Ua ni kimya, mawaridi, kiti cha bibi mmoja na kikombe chake cha chai pembeni. Nimewaza kwamba huyu mtoto John aliyeachwa nyuma alikulia katika vichochoro hivi, akisikia kwa watu wazima kwamba mama yake hayupo tena.

Hati ya Dorothy iko kwenye nyaraka za mji wa Amsterdam, na picha yake tuliitazama usiku hotelini. Novemba 1613, nia ya ndoa: yeye William Bradford, mfumaji, miaka 23, kutoka Austerfield, yeye Dorothy May, miaka 16, kutoka Wisbech. Wakaoana 10 Disemba. Hii ndiyo mara tuliyomwona Dorothy akiwa na umri, kwao na mchumba, kwa mstari mmoja. Binti yangu aliusoma umri ule akanyamaza. Ni miaka miwili tu mbele yake.

Siku ya sita: Harwich na Wisbech

Meli ya usiku kutoka Hoek van Holland, asubuhi tuko Harwich. Bila kupanga tumeteremkia kwao Christopher Jones, nahodha wa Mayflower, na nyumba yake bado iko, mtaa wa King's Head. Tukakodi gari. Kuendesha kushoto kumenirudia kama kuogelea, baada ya miaka kumi na tano ya kulia.

Tulikwenda Wisbech kwa ajili ya Dorothy tu. Hana kaburi, hana jiwe. Tulisimama kando ya mto Nene, maji ya rangi ya udongo yanapanda na kushuka na bahari, tukaenda na kanisa kuu la mji. Katikati ya mji kuna mnara mkubwa wa Thomas Clarkson, mzaliwa wa hapa, aliyetumia maisha yake kupigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Nililiweka pale ua moja nililokuwa nalo mkononi. Jingine tulilitupa mtoni.

Siku ya saba: Boston ya Lincolnshire, kisha Scrooby

Boston ya kwanza ni hii. Ya Marekani ilichukua jina. Ndani ya jumba la Guildhall wanaonyesha vyumba viwili vidogo vyenye milango ya nondo ambamo, inasemwa, Mahujaji walifungwa mwaka 1607. Kuondoka Uingereza bila ruhusa kulikuwa kosa. Walimlipa nahodha awavushe usiku, naye akawauza kwa maofisa. Walipekuliwa mpaka ndani ya mashati, wanawake nao, kisha wakapitishwa mjini watu wakiwatazama. Bradford alikuwa na miaka 17. Mwaka uliofuata walijaribu tena kwenye mto Humber. Mashua ya wanawake na watoto ikakwama topeni, nahodha Mholanzi alipoona askari wanakuja akatweka na wanaume waliokwisha kupanda, wakaachana wake na waume wakilia pande mbili za maji. Mpaka leo kuna watu wanavuka bahari hivyo hivyo, kwa kulipa wasiyemjua.

Scrooby ni kijiji kidogo kando ya reli na kanisa lenye ncha ya mawe. Hapa William Brewster, msimamizi wa posta kwenye barabara kuu ya kaskazini, aliwakaribisha waliojitenga na kanisa la serikali wakawa wanasali katika jumba la askofu mkuu wa York alilokuwa akilisimamia. Kipande chake kilichobaki ni nyumba ya watu binafsi, tumeitazama kwa mbali. Brewster alimchukua Bradford kama mwanawe.

Siku ya nane: Babworth na Austerfield

Nilitaka tutembee kwa miguu njia yake, na miguu yangu haikukubali zaidi ya sehemu. Bradford akiwa na miaka 12 hivi alikuwa akitoka Austerfield mpaka Babworth, kilomita kama 16, kwenda kumsikiliza mhubiri Richard Clyfton, kisha kurudi. Kanisa la Babworth liko ndani ya miti, na njia ya kuliendea bado inapita mashambani. Ngano ilikuwa imefika kiunoni.

Austerfield kwenyewe karibu pasingejulikana. Kitabu cha Cotton Mather cha 1702, kilichoeleza maisha ya Bradford, kilichapwa "Ansterfield". Herufi u iligeuka ikawa n. Watu walikitafuta kijiji kisichokuwapo kwa karibu miaka 150, mpaka mwanahistoria Joseph Hunter alipokuja kwenye daftari la parokia hii na kuwakuta Bradford wote wamo.

Mzee mmoja wa kanisa alikuja na ufunguo. Kanisa la Mtakatifu Helena ni dogo, la mawe, na juu ya mlango pamechongwa joka, limekunja mkia, limelika na hali ya hewa ya miaka mia nyingi. Mtoto Bradford alipita chini ya joka hili kila Jumapili. Daftari limeandika ubatizo wake 19 Machi 1589, nami nilikuwa nimenakili hivyo hivyo. Binti yangu ndiye aliyenisahihisha: mwaka wa Waingereza siku zile ulianza 25 Machi, na uliendelea hivyo hadi 1752, kwa hiyo Machi ile kwa hesabu yetu ni 1590. Alilikumbuka kwa sababu ya barua za babu yangu zenye tarehe za Hijria, ambazo kila mara lazima tuzibadilishe.

Na daftari ni la msiba. Baba yake alizikwa Julai 1591, mtoto ana mwaka mmoja. Mama akaolewa kwingine, naye mtoto akapelekwa kwa babu. Babu akafa 1596. Mama akafa 1597. Akalelewa na ami zake, Robert na Thomas, naye akiwa mtoto mgonjwa mgonjwa asiyefaa kwa kazi za shamba, ndiyo maana wakamwachia asome. Nilipoyaweka majina yale kwa mpangilio nilielewa kwa nini mtu huyu uzeeni aliwaandika watu wote wa Mayflower mmoja mmoja na kilichowapata. Nilielewa kidogo pia kwa nini juu ya Dorothy hakuweza kuzidisha neno, ingawa sijamsamehe.

Mzee wa ufunguo alisema tusiwe na haraka. Tukakaa kwenye benchi la nyuma na daftari letu. Kushoto Pangani, kulia Austerfield. Binti yangu aliandika kwa wino, kisha nikamwambia asome, kwa Kiswahili, kwa vidole. Akaanza na chake cha gumba. Baba yake, bibi yake, akapanda, akapanda, vidole kumi vikaisha akarudia mkono wa kwanza, Meja William, Alice Carpenter, William Bradford.

"Na nani?" nikamuuliza.

Akatazama karatasi. Dorothy binti May wa Wisbech, aliyekufa maji. John mwanawe, hakuacha mtoto. Akafumba mkono, akanyoosha tena kidole gumba, akaanza upya.